Nyota Niliyoiacha Kwenye Karatasi ya Mashine

Nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Kila mmoja anaongeza la kwake, wa juzi pale sokoni Kamachumu alinisimulia mimi mwenyewe (bila kunijua!) kwamba yule mpima damu alizimia akamwagiwa ndoo ya maji, na mimi sikuzimia, ingawa nikikumbuka vizuri naona ingekuwa heri. Basi kaeni niwaambie mwenyewe, aibu ni yangu, acha niibebe kwa mikono yangu. Mimi ndiye Elfu Nane. Wazazi waliniita Erasto, lakini ukija huku ukauliza Erasto wa maabara utazungushwa kibanja hadi kibanja mpaka jua litue. Uliza Elfu Nane, hata mtoto wa chekechea atakuleta mlangoni.

Nafanya kazi ya maabara kwenye kituo cha afya huku mlimani, wilaya ya Muleba. Kwa miaka kumi na minne nilihesabu chembe za damu kwa macho yangu mawili, nimeinamia hadubini dirishani, tone la damu napaka kwenye kioo, nasubiri likauke, namwagia rangi, nasubiri tena, halafu ndiyo naanza kuhesabu moja, mbili, tatu, na nje foleni inakohoa na watoto wanalia. Shingo hii mnayoiona imepinda si kwa uzee. Kwa hiyo ilipoletwa mashine ya kuhesabu damu, ambayo unaipa tone tu na ndani ya dakika moja inakutemea karatasi yenye namba zote, mimi ndiye niliyesimama kwenye kikao cha wafanyakazi nikasema, "Jamani, mtu huchoka, mashine haichoki. Mtu hukosea, mashine haikosei." Wakanipigia makofi. Hadubini nikaifunika kitambaa cha mezani alichokishona mke wangu, na juu yake nikaweka chupa ya chai. Mkumbuke hiyo chupa ya chai.

Sasa kulikuwa na Ma Jeneroza. Huyu ni mjane wa kijiji chetu, mama wa miaka kama hamsini na tano, mkulima wa ndizi na kahawa, mkubwa wa mwili na wa sauti, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu na akikohoa tu mchungaji anakatisha mahubiri. Ma Jeneroza alikuwa na ngiri ya kitovu. Kwa miaka miwili alikuwa akijifunga kitenge tumboni, kukibana kwelikweli, ndipo aweze kuinama shambani, na mkungu wa ndizi alikuwa hawezi kuubeba, anaomba jirani. Kwa mama wa Kihaya mwenye kibanja chake, kuomba mtu akubebee mkungu wako ni jambo linalouma kuliko ngiri yenyewe. Alikuwa amengoja madaktari bingwa wa upasuaji ambao huja Bukoba kwa siku chache tu halafu wanaondoka, na safari hiyo jina lake lilikuwa kwenye orodha, Jumanne, siku yao ya mwisho. Alichobakiza kilikuwa kipimo cha damu tu.

Akaja Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimeshapima watu thelathini na kitu tangu saa moja, wengi homa, sijanywa hata chai (ipo hapo juu ya hadubini, naitazama tu). Nikamtoa damu mkononi, nikaiweka kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kile chenye dawa ya kuzuia damu isigande, nikaipa mashine. Karatasi ikatoka. Kila kitu kizuri, wingi wa damu mzuri, chembe nyeupe nzuri, halafu chini kwenye chembe sahani, zile ambazo kazi yake ni kuziba mahali palipokatika ili damu isiendelee kutoka, ikaandika nane. Yaani elfu nane. Mtu mzima mwenye afya hapungui laki moja na nusu! Na pembeni ya ile nane palikuwa na nyota. Kinyota kidogo, kama uchafu wa inzi.

Ile nyota naijua maana yake. Nilifundishwa. Maana yake mashine inasema: hapa mimi sina uhakika, nenda kaangalie kwa macho. Lakini kwenda kuangalia kwa macho ni kuondoa chupa ya chai, kufunua hadubini, kupaka kioo, kusubiri, kumwaga rangi, kusubiri, kuinamisha shingo, na nje watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Nikajiambia namba iko wazi, nyota ya nini. Kwetu majibu hatumpi mgonjwa ile karatasi, tunayanakili kwa kalamu kwenye daftari lake, na daftari la shule halina sehemu ya nyota. Nikaandika "Chembe sahani: 8,000", nikapiga mistari miwili chini yake, nikaandika HATARI. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, ndugu zangu, na kalamu yangu mwenyewe.

Nikamwita ndani nikamwambia akae, asitembee, asipige mswaki, asishike kisu, asitafune punje za kahawa (na huyu mama hutafuna kahawa kuanzia asubuhi mpaka anapolala) kwa sababu fizi zikichubuka tu, damu haitakoma. Akanitazama kama anayetazama mlevi.

"Erasto mwanangu, jana nimejikata kidole nikimenya ndizi, tazama hapa. Damu ilikauka kabla sijamaliza kumwita Mungu. Sasa hiyo damu isiyoganda ni ya nani?"

Nikakiona kidole. Kidonda kimekauka, kisafi. Hata pale nilipomchoma sindano dakika kumi kabla, pamba haikuwa na doa la maana. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Mimi nikasema, "Mama, mashine haidanganyi."

"Waitu," akasema kwa Kihaya, kama anayemsihi mtu, "na kidole je, kinadanganya?"

Nikalipeleka daftari kwa daktari. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hapendi kuulizwa swali zuri.

Daktari wetu alisoma daftari, akaona HATARI na mistari miwili, na yeye angefanya nini? Akasema apelekwe Bukoba sasa hivi, na watafutwe watu wa kumtolea damu. Gari letu la wagonjwa lilikuwa limeshuka ziwani kumpokea mama mjamzito kutoka visiwani, na kutoka kituoni mpaka barabara ya magari ni mteremko wa matope, kulikuwa kumenyesha usiku kucha. Na mgonjwa nimeshasema asitembee! Basi akaitwa Ta Kaijage, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kikundi chetu cha kubeba wagonjwa, kile ambacho ukisikia mwito usipotokea unatozwa mkungu, na ndani ya nusu saa wanaume wanane walikuwa wamefika na machela ya miti. Ma Jeneroza akasema hapandi. Nikamwambia akianguka kwenye utelezi damu itavujia ndani kimyakimya na hatajua. Akapanda. Akajifunika kitenge mpaka usoni, kwa hasira na aibu, na sisi haoo tukaanza kushuka.

Mama yule ni mzito. Wanaume walikuwa wanateleza, wanabadilishana, wanapumua kama ng'ombe wa jembe, na mimi nyuma nimebeba daftari kama mtu aliyebeba Biblia ya mchungaji. Watu wa kando ya njia wakiona machela na mtu aliyefunikwa uso, mnajua wenyewe wanachofikiri. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage akatupa jembe, akapiga magoti kwenye tope na kuanza kuomboleza kwa Kihaya, "Mawe! Mawe! Ma Jeneroza ameondoka!" Kitenge kikafunuka. Ma Jeneroza akainua kichwa na kusema kwa ile sauti yake ya kwaya, "Bado, Ma Stela. Nipo. Endelea na maharage yako." Ma Stela alipiga ukelele, akakimbilia migombani, na wabebaji wawili wakacheka mpaka machela ikaenda upande, na mimi nikawafokea, eti wanacheza na roho ya mtu. Mbele kidogo Ta Kaijage, ambaye ana goti bovu, alikuwa anachechemea, na Ma Jeneroza akamwambia, "Ta Kaijage, panda wewe, nikubebe mimi." Nikawafokea tena. Nakumbuka kila neno nililofoka siku ile.

Barabarani tulikuta basi dogo la kwaya. Wanakwaya walikuwa na mazoezi, habari imewafikia, wameacha nyimbo na kuja wote kumi na wawili watoe damu kwa ajili ya mwenzao. Njia nzima mpaka Bukoba waliimba za maombolezo kwa sauti ya chini, na mgonjwa mwenyewe akawa anawasahihisha sauti ya pili.

Hospitali kubwa ya mjini tulifika alasiri. Walikuwa wamezidiwa, wagonjwa wa wale madaktari bingwa wamejaa mpaka kwenye korido, wakasoma daftari la Ma Jeneroza, wakampima tena kwa mashine yao kwa haraka, kwa kichupa cha zambarau kama changu, ikasema sita. Nikawaambia wenzangu, mnaona? (Ndiyo, nilisema hivyo. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba nilikuwa sahihi.) Daktari wa upasuaji akaitazama ile sita na ile HATARI yangu daftarini, akatikisa kichwa, akachukua kalamu na kukata jina la Ma Jeneroza kwenye orodha ya Jumanne. Nililiona likikatwa. Ma Jeneroza naye aliliona, akajivutia kitenge mpaka usoni tena.

Usiku wanakwaya walilala kwa ndugu na jamaa, na Jumanne wakarudi, wakakaa kwenye benchi nje ya maabara wakisubiri zamu ya kutoa damu, mikono ya mashati imekunjwa mpaka mabegani. Mchana ndipo alipoingia zamu Mama Paulina. Huyu ni mtaalamu wa maabara wa siku nyingi, amebakiza muda mfupi astaafu, mdogo wa mwili, miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Kabla hajamtoa mtu damu akaomba kwanza karatasi ya mashine ya mgonjwa, akaisoma, akauliza, "Nani ameona hii nyota?"

Nikajitokeza na daftari nikidhani nasaidia. Akalichukua, akalisoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. "Na kwenye mashine yenu huko mlimani nyota haikuwepo?"

Nikasema ilikuwepo.

"Iko wapi humu?"

Nikasema sikuiandika. Akarudisha daftari polepole, akaenda mwenyewe kitandani kwa Ma Jeneroza, akamchoma ncha ya kidole, tone moja, akalipaka palepale kwenye kioo kabla halijakutana na dawa yoyote ya kichupa. Akatengeneza na kioo cha pili, kutoka kwenye damu ya kichupa. Akavipaka rangi. Sote tukangoja, mimi na kwaya nzima, na kwa kuwa mlango wa maabara ulikuwa wazi na korido imejaa, walingoja na watu wa Kanazi na wa Muleba na wa wapi sijui, ambao hawakuwa na habari na sisi ila waliona kuna jambo.

Mama Paulina akainama. Hakuchukua muda. Akasema, "Njoo utazame, mwanangu."

Nikatazama kioo cha kwanza, cha kidoleni. Chembe sahani zimejaa, zimetawanyika kila mahali, nzuri, nyingi, huwezi kuzimaliza. Nikatazama cha pili, cha kichupani. Ni zilezile, lakini zimeshikana, mafundo mafundo, fundo moja lina hamsini, lingine lina mia, kama senene waliosahauliwa kwenye mfuko. Sikuhitaji kuelezwa. Lakini Mama Paulina alieleza, kwa sauti ya mwalimu, na korido nzima ikasikia.

"Wapo watu wachache ambao damu yao ikikutana na hii dawa ya kichupa, chembe sahani zinashikana. Ni kichupani tu. Mwilini hazishikani, mama huyu hana ugonjwa. Mashine inatambua chembe kwa ukubwa wake, sasa ikikuta fundo haijui ni nini, inaliruka. Inahesabu zile chache zilizobaki peke yake. Lakini haikunyamaza, ilikuwekea nyota. Ilikuambia ukweli wake wote. Wewe ukapeleka nusu."

Nyuma yangu Ta Kaijage, aliyekuja nasi kwenye basi, akauliza, akitaka kuelewa tu, mzee wa watu, "Kwa hiyo tumembeba mtu mzima?"

"Mzima kuliko wewe na goti lako," Ma Jeneroza akajibu kutoka kitandani.

Hapo korido ikalipuka. Watu walicheka, jamani, mpaka waliofungwa bandeji wakawa wanajishika. Mwanakwaya mmoja akaanza kushusha mikono ya shati taratibu, wa pili akafuata, mpaka wote kumi na wawili, na kila mmoja akifunga kifungo ananitazama. Ndipo mmoja wao akasema, "Asante, Elfu Nane." Jina likabaki.

Lakini aibu ile ya kuchekwa ningeimeza. Kilichonikaba ni kilichofuata. Mama Paulina aliandika majibu mapya, nikayanyakua nikakimbia nayo mpaka chumba cha upasuaji, nikamkuta yule daktari anavua viatu vya plastiki. Alisoma, akasema majibu ni mazuri, mama anafaa kabisa kupasuliwa. "Lakini nafasi yake nilishampa mwingine, na huyo ndiye alikuwa wa mwisho. Asubuhi tunaondoka." Nilimwomba. Nilimpigia magoti, mtu mzima, kwenye sakafu yenye maji ya dawa. Akaniinua kwa upole na kusema na yeye amesimama tangu alfajiri, mikono yake imechoka, hawezi kumtia mtu kisu kwa mikono iliyochoka. Ningemwambia nini? Yeye alijua uchovu wake, akauheshimu. Mimi wangu niliupa kalamu.

Tulirudi mlimani Jumatano. Ma Jeneroza alipanda ule mteremko kwa miguu yake, kitenge kimebanwa tumboni, na kila penye mwinuko alisimama na kushika ngiri yake kwa mkono. Hakuna aliyeimba.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kwake kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno. Akanipa kiti, akanipa kahawa za kutafuna, akachukua na zake, tukatafuna. Halafu akasema, "Kilichoniuma si machela, Erasto. Nilikuonyesha kidole changu. Hukukitazama." Maneno yangu yote niliyopanga yalinitoka kichwani, nikalia, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza hata kidogo, na nilistahili hivyo. Nilipoondoka nilimkatia mkungu nikaupeleka jikoni kwake, na kwa miezi minane, kila Jumamosi, ni mimi niliyekwenda kumbebea. Njia nzima watoto wakinifuata, "Elfu Nane! Elfu Nane!"

Madaktari walipotangazwa tena, alikuja na daftari lilelile. Nilimtoa tone la kidoleni, nikapaka kioo, nikangoja rangi, nikainama nikahesabu, foleni ikakohoa na mimi nikaiacha ikohoe. Nikaandika kwamba mashine haiwezi kuhesabu chembe sahani za mama huyu, kwamba kwa hadubini zinatosha, na kwamba asiyeamini amtazame kidoleni. Akauliza, "Na nyota?" Nikamchorea. Akasema niikuze, daktari wa kisu asije akaipita. Nikaikuza mpaka ikajaa mstari mzima.

Mashine bado tunayo, sina ugomvi nayo, ni mfanyakazi mwaminifu kuliko mimi. Chupa ya chai siku hizi inakaa chini sakafuni. Shingo inauma kama zamani, na nimeapa kwamba ikinikuta siku nimechoka kiasi cha kutoweza kunakili nyota, nitafunga mlango, nitawaambia watu nimechoka, wanitukane, waende.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji, asubuhi moja foleni imejaa mpaka kwenye ngazi, nikasikia watu wanapisha. Alikuwa Ma Jeneroza, kichwani ana mkungu wa ndizi, mkubwa, amepanda nao mlima peke yake, bila kitenge cha tumboni. Akainama mlangoni, akautua mkungu mwenyewe mbele ya meza yangu, akajifuta jasho.

"Haya, Elfu Nane, zawadi yako. Zihesabu ziko ngapi, na kwa macho."

Nikazihesabu moja moja, chana hadi chana, na foleni yote ikanisubiri.